UZI: Nilimpenda kwa vile alivyo, kisha nikamwambia aache kuwa hivyo

MtotoWaDago (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum wanajamvi. Huu uzi nlitaka kuuandika toka Ramadhani iliyopita nikawa naogopa, maana kwetu mambo ya chumbani hayasemwi na sitri ya mke ni amana, kwa hivyo jina lake sitalitaja na yale ya ndani khasa hamtoyapata. Lakini kuna kitu nimekijua kwa tabu na naona wanaume wenzangu wengi wanazama palepale nlipozama mie, bora niseme.

Mie Mpemba, kwetu upande wa Kojani, baba angu mvuvi wa dago. Asiyejua dago ni kambi za wavuvi, watu wanaondoka na vyombo vyao wanakwenda kukaa huko kisiwa chengine au pwani ya bara wiki kwa miezi kisha wanarudi na pesa na khabari. Nimekulia mle. Nkaja Unguja kutafuta maisha nikapata kazi hotelini pwani ya mashariki, kuhudumia wageni mgahawani, na kitu cha mwanzo nlichokiacha bandarini ni lafudhi yangu. Mjini ukifungua mdomo tu mtu anakwambia "eh, huyu Mpemba" na watu wanacheka, hawana nia mbaya lakini wanacheka, na ukichekwa mara ishirini ya ishirini na moja unasema kama wao. Nlikuwa naongea Kipemba kwenye simu tu na mama, tena natoka nje kwanza.

Mke wangu nlimuona Jambiani. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mpaka kule mwambani, yeye na wenzake wamo kwenye mwani wanavuna. Waliofika pwani zile wanajua, kilimo cha mwani pale kimeanza 1989, Paje na Jambiani, na toka siku hizo wengi wanaolima ni wanawake, mama mkwe wangu kaezeka nyumba yake mabati kwa pesa ya mwani na kasomesha watoto skuli kwa pesa hiyohiyo. Basi siku ile mnunuzi kaja na mzani wake, wanawake wamejipanga na mapolo yao, magunia ya mwani, na msichana mmoja kanga kaifunga kiunoni, mikono imepasuka kwa maji chumvi, anamwambia yule mnunuzi pima tena. Kapima tena. Akamwambia pima tena, na safari hii toa mguu wako kwenye polo. Wenzake wote wakacheka na yeye kacheka kicheko kile kinachosikika mpaka kwenye minazi. Mie nlikuwa napita tu nakwenda kazini. Nlichelewa kazi siku ile.

Posa ikapelekwa, harusi ikafanyika, akapewa somo wake akafundwa, akasingwa singo, fungate siku saba Mola atupe nini tena. Tukahamia mjini, Jang'ombe, vyumba viwili vya kukodi. Na hapo ndipo nlipofanya kosa ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili. Nlimwambia mambo ya mwani basi. Nikamwambia mke wangu hachomwi jua kwa shilingi mia kadhaa za kilo, mie nipo, kaa ndani upumzike. Wallahi nlidhani nampa heshima. Na mshahara ulikuwepo, mahari nlitoa, huduma natoa, nlijiona mwanamme kamili.

Akakaa. Akazaa wa kwanza akawa mama fulani, jina lake likapotea, mie namwita mama fulani, majirani mama fulani, hata mamake akipiga simu anauliza "mama fulani hajambo?" Akazaa wa pili. Na mambo ya unyumba yakawa hivi, na hapa nakwenda taratibu: hakuna alichokosea. Chumba kinanukia udi, asumini kwenye mto, kanga mpya, kila alichofundwa na somo wake alikifanya. Hajapata kunikatalia. Lakini nlikuwa nalala na mtu aliyefundwa vizuri, yule wa "pima tena" hayumo. Na nlikuwa siwezi hata kulisema hilo kwa sababu ukimwambia nani? Utamwambia rafiki yako barazani "mke wangu ananitii lakini simuoni"? Atakuona mwendawazimu.

Nlimwambia mtu mmoja tu na yeye akanambia moja kwa moja, huyo ana jini mahaba, kamsomeshe. Nkampeleka. Kakaa pale kasomewa, kainamisha kichwa, hajalia hajapiga kelele, hajafanya chochote. Kusomewa Qur-ani ni kheri sikatai, nami nilitulia kusikia. Lakini njia nzima kwenye daladala hajasema neno, tumefika nyumbani kanivulia kitenge kakikunja akanambia "haya, nimeshasomewa." Ile "haya" yake sikuielewa mpaka miaka miwili baadae.

Kisha ikaja 2020. Wageni wakakatika, hoteli ikafungwa, tukaambiwa tukae nyumbani tutaitwa. Hatukuitwa. Nkauza vespa, nkauza friji, kodi ikanishinda, tukarudi Jambiani nyumbani kwao. Wanaume mnajua maana ya kukaa ukweni. Mama mkwe hajanisema hata siku moja, ananiita mwanangu, chakula ananiwekea cha mwanzo, na kila akiniwekea mie moyo unaingia ndani zaidi. Mke akarudi kwenye mwani na wenzake. Mwani wenyewe siku hizi si ule, ile aina inayoitwa kotoni, yenye bei nzuri, haitaki maji ya moto, inaoza na kupukutika kwenye maji madogo, wamebaki na ile spinosi ya bei ndogo, lakini aliingia nayo ikatulisha.

Sasa sikilizeni. Yeye akaanza kurudi kuwa yule nliyemuoa, kicheko kikarudi, sauti ikarudi, anarudi pwani kachoka lakini uso una nuru. Na mie ndo nikafa. Usiku nageukia ukutani. Akinigusa najifanya nimelala. Si kwamba simtaki, namtaka kuliko siku zote, ila nlikuwa najiuliza huyu anamgusa nani. Mie nlikuwa nimejijua kwa kitu kimoja tu, mwenye kutoa. Hicho kimeondoka, hamna mtu aliyebaki ndani ya shuka.

Yeye kadhani nina mwanamke. Miezi mitano sita tukaishi hivyo. Usiku mmoja umeme umekatika watoto wamelala kwa bibi yao, akanambia kwenye kiza, "Mie nataka unambie kitu kimoja. Ulinioa mie, au ulioa mama wa watoto wako?" Nkataka kumjibu, na sijui imekuwaje, nimejibu Kipemba. Kile cha nyumbani kabisa, cha utotoni, nlichokuwa nazungumza na baba kwenye chombo. Nkamwambia yote. Habari ya kuchekwa, habari ya mwani, kwamba nlimkataza kwa kibri changu na si kwa kumuhurumia, kwamba sasa hivi mbele yake najiona kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu. Nlisema sana. Nlipotaka kurudi Kiunguja changu cha mjini kanishika mkono akanambia, "Sema hivyohivyo. Usibadilishe."

Miaka tisa ya ndoa, hajapata kunisikia nikizungumza.

Na yeye kasema yake. Kanambia miaka ile ya Jang'ombe alikuwa ananijia kama mtu anayeingia zamu, anavua u-mama anavaa u-mke, akimaliza anavua u-mke anavaa u-mama, na katikati hapo hakuna mtu. Na ile "haya, nimeshasomewa" alikuwa anangoja nimuulize una nini. Nlimpeleka kwa kila mtu ila sikumuuliza yeye.

Ndo hivyo wadau. Nataka kusikia kwenu, hasa waliooana watu wa pande mbili tafauti, au mmoja kazi imebadilika, au mmoja kabadilika baada ya kuzaa. Mlibaki vipi karibu?

---

Mzee wa Darajani

Waalaykum salaam. Kijana umeandika vizuri lakini nina mashaka na wewe. Mwanamme ni msimamizi, ndivyo tulivyofundishwa, mke akishika pesa heshima inapungua na heshima ikipungua na hayo ya kitandani yanakufa, ndo hicho kilichokukuta wala usitafute sababu nyengine. Unatafuta falsafa wakati ulikuwa huna kazi tu.

---

MtotoWaDago

Mzee wangu shikamoo. Maneno yako nayaheshimu na msimamizi ni kweli, huduma ni juu ya mume na mali ya mke ni yake mwenyewe, hilo ndo dini yetu ilivyo na sijaligusa. Lakini mke wangu hajanipunguzia heshima hata chembe, aliyenipunguzia ni mie.

Na nakuomba tumuangalie Mtume wetu SAW. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, mali yake ndiyo iliyokwenda Sham na yeye Mtume ndiye aliyeipeleka kabla hawajaoana. Yaani mke ndiye mwenye mtaji. Sasa siku alipotoka pangoni Hira anatetemeka kwa khofu, alikwenda wapi? Hakwenda kwa wanaume wenzake, alikwenda kwa mkewe, akasema nifunikeni, nifunikeni. Akafunikwa mpaka khofu ikamtoka, kisha akamwambia nimejikhofia nafsi yangu. Na jawabu la Bibi Khadija mzee wangu lisome upya, hakumwambia jikaze wewe mwanamme. Alimwambia Allah hatakuhizi, wewe unaunga udugu, unabeba mzigo wa asiyejiweza, unakirimu mgeni. Alimkumbusha yeye ni nani. Halafu akamchukua mpaka kwa Waraqa, binamu yake.

Mie nilikuwa na mke wa kuniambia hayo chumba kimoja na mie, nikageukia ukuta miezi sita. Ile aya tunaisoma kila Ramadhani, wao ni vazi kwenu na nyinyi ni vazi kwao, nami nlikuwa naifahamu kama sitri mbele za watu tu. Kumbe nguo haikai juu ya mtu asiyekuwepo.

---

Ummu Wawili

Mie ni mwanamke na nataka nizungumze habari ya mwili kwa sababu mmeipita. Baada ya mtoto wa pili nlikaa arobaini yangu vizuri, nikakandwa maji ya moto, nikafungwa tumbo, nikala bokoboko na supu ya pweza, bibi yangu kanitunza alhamdulillah. Siku ya arobaini na moja kila mtu kaondoka na mie nkarudishwa kwa mume nimepambwa kama biarusi. Na mie ule mwili ulikuwa si wangu. Nauangalia kwenye kioo namuona mtu mwengine. Maziwa ya mtoto, mshono wa operesheni, nywele zinatoka. Mume kanisogelea kwa mapenzi na mie nikalia, yeye kadhani kaniumiza, alikaa wiki mbili ananiogopa. Hakuna aliyetufunda hilo. Somo ananifunda namna ya kumfurahisha mume, hakunifunda nifanye nini siku nikijipoteza mwenyewe. Na mwanamme yeye anafundwa na nani? Anapewa khutba ya nikahi, anaambiwa muishi kwa wema, keshapewa mke.

Kilichotusaidia ni kitu kidogo sana. Mie kabla ya kuolewa nlikuwa nashona, mashono ya mabuibui na nguo za Idi, nikaacha. Mume kanitolea charahani uvunguni kaipangusa kaitia mafuta, hajasema kitu. Nlipoanza kusikia ile sauti yake mchana nikaanza kujisikia na mie. Sijui kama nimeeleweka.

---

MtotoWaDago

Dada umeeleweka mpaka mwisho. Nimemsomea mke wangu hii yako, kakusalimia sana, anasema mshono na yeye anao.

Na la kufundwa wanaume nakubaliana na wewe moja kwa moja. Sisi tunafundwa barazani na watu wasiojua, tunafundwa mzaha na kujisifu, basi. Unyago na msondo wa zamani wamama wakubwa walikuwa wanakaa na wasichana siku kwa siku, marehemu Bi Kidude mpaka anafariki 2013 alikuwa akijulikana kwa unyago kama alivyojulikana kwa taarab. Mwanamme hana hata nusu saa ya hivyo.

---

BintiWete

Naomba nami niseme, mie ni bi mdogo. Najua wengi wenu mtanihukumu lakini nimeolewa kwa halali. Kwangu mimi jina lenyewe ndo lililoniua, "bi mdogo". Akija siku zangu mbili namtazama namna anavyovua kofia nishaanza kujilinganisha, kule anakaa vipi, anacheka vipi, anaitwa nani. Nikawa nampikia kama ninashindana, nalala naye kama ninashindana. Yeye mwenyewe mume wangu mkimya, siku moja kanambia, "Bibi we, mie nikija hapa nakuja kwako, sitoki kwa mtu." Nkalia. Ila sijapona bado, sitaki kuwadanganya, kuna siku ile hali inarudi na nikiwa nayo siwezi kuwa karibu naye hata nikiwa nimemkumbatia.

---

MtotoWaDago

Bi BintiWete hakuna wa kukuhukumu hapa, na akija ntamjibu mie. Hilo ulilosema "hata nikiwa nimemkumbatia" limenikaa. Kuna hadithi ya Bibi Aisha RA naipenda sana, Mtume SAW alimwambia mie najua ukiwa radhi nami na ukiwa umenikasirikia. Akauliza unajuaje? Akamwambia ukiwa radhi unaapa kwa Mola wa Muhammad, ukikasirika unaapa kwa Mola wa Ibrahim. Akasema ndiyo, lakini naacha jina lako tu. Mtu anajuwa hasira ya mkewe kwa neno moja la kiapo! Naye alikuwa na wake wengine nyumbani, na bado yule alijulikana yeye kama yeye. Huyo mumeo aliyekwambia nakuja kwako, shikamana nalo neno lake, mkumbushe nalo siku hali ikirudi, mwambie limekuja tena. Usibaki nalo peke yako.

---

Kijana wa Paje

Bro swali langu dogo, mie nimeoa mwaka jana. Baada ya ule usiku ikawaje? Maana mtu anaweza kusema yote usiku halafu asubuhi anaona haya mkarudi palepale.

---

MtotoWaDago

Swali la maana, na ndo ilivyokuwa, asubuhi nlikuwa siwezi kumtazama. Yeye kaniwekea chai na muhogo kaondoka pwani kama kawaida. Nkakaa kidogo kisha nikamfuata. Kazi ya mwani watu wanasema ya wanawake na kuna wazee walikaa kwenye baraza waliniona nashuka na kamba begani, walisema walichosema. Nlimkuta na maji ya magoti, nikamuuliza nishike wapi. Kanionyesha namna ya kufunga, vidole vyangu vikubwa vinavunja mashina, kanifundisha mara tatu nne, na pale ndo nikamuona tena. Yule. Kwenye maji yake, anajua kila kijiti chake kiko wapi, anajua upepo ukigeuka atafanya nini. Mie nlimtoa kwenye kitu hiki nikamuweka Jang'ombe kwenye vyumba viwili nikashangaa mbona kazimika.

Halafu yeye ndiye aliyenambia nirudi baharini. Kanambia wewe mtoto wa dago unakaa ufukweni unatazama ngalawa za watu kama uliyefiwa. Nikaingia chombo cha mtu, tunagawana, baadae na mshipi wangu. Pesa ni ndogo kuliko ya hoteli, kuna siku narudi na tasi watatu na changu mmoja. Lakini nikirudi narudi na harufu ya samaki, nikiwa na kitu cha kuhadithia, naye ana chake cha kuhadithia, tunakaa uwani tunasemezana na usiku unafika wenyewe.

Tuliwekeana vitu vichache sana. Jina lake namwita tukiwa wawili, jina lake alilopewa na babake, mbele za watu ni mama fulani kwa heshima. Mwanzo alikuwa anashtuka kama anaitwa na mtu mwengine. Kipemba nazungumza nyumbani na watoto wameanza kukishika, juzi mdogo kampigia simu bibi yake Pemba kamsalimia kwa lafudhi ile mama kalia kwenye simu. Na la tatu, anaruhusiwa kukataa. Hili ndilo lililokuwa gumu kwangu kwa sababu hajapata kukataa, nami nlihisabu kule kutokataa ndo mapenzi. Mara ya kwanza kunambia "leo sitaki, nimechoka, nikae hivi tu begani kwako" nlikaa macho nusu ya usiku, nimefurahi na nimeumia kwa pamoja. Baadae ndo nikajua, yule anayeweza kunambia sitaki siku akinambia nakutaka ni yeye mwenyewe anayesema, si zamu.

Bado tunagombana. Hoteli juzi juzi imeniita nirudi, mshahara mzuri, tumekaa siku nne tunazungumza na hatujaamua. Yeye anaogopa ntavaa tena ile nguo ya mwenye kutoa nisitoke humo. Nami naogopa hilohilo, na ada za skuli zipo hazingoji. Mkiwa na la kunishauri nishaurini, ntalisoma nikirudi, kesho bamvua na nimemuahidi kumsaidia kufunga kamba mpya kabla maji hayajajaa.